Mgongo unaganda kwenye kitanda cha bembea: je, ninunue mfuko mzito zaidi wa kulalia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Marangu, na kabla ya kuja kusoma hapa Duluth, Minnesota, nilikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo, kwenye Mlima Kilimanjaro. Nimelala kwenye kambi za Barafu na Kibo mara nyingi, kwa hiyo baridi siiogopi. Novemba wenzangu wa chuo walinichukua kwenda kulala msituni kwenye vitanda vya bembea vya kufunga kwenye miti. Usiku ule ulikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri. Mfuko wangu wa kulalia umepimwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini ilipofika saa nane usiku mgongo na makalio vilikuwa vimekufa ganzi, nikaishia kulala kwenye gari. Februari wanapanga twende tena, safari hii kwa usiku miwili, na wanasema inaweza kufika nyuzi 25 hata 30 chini ya sifuri. Je, ninunue mfuko mzito zaidi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hapana, usianze kwa kununua mfuko mwingine. Hata ukipata ule wa wapanda milima wa Himalaya, ukiulalia kama ulivyoulalia huu, mgongo utaganda vilevile na mamia ya dola yatakuwa yamekwenda bure. Fedha uliyonayo ianzie chini ya bembea.

Tuangalie kwanza kilichokupata Novemba. Manyoya yaliyomo kwenye mfuko hayana joto la kwao. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili wako lisitoroke. Umemwona kuku asubuhi ya baridi kule Marangu anavyojitutumua akaonekana mkubwa kuliko alivyo. Anaongeza hewa katikati ya manyoya yake. Sasa wewe ulipojilaza, uzito wako wote uliyakandamiza manyoya ya upande wa chini, hewa ikatoka, ukabaki umelalia vitambaa vitatu vyembamba na chini yake upepo wa baridi unapita bila kuzuiwa na kitu. Kifuani mfuko ulikuwa unafanya kazi yake barabara. Mgongoni ulikuwa kama haupo.

Utaniuliza: mbona Barafu Camp, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, nililala? Ulilala kwa sababu chini yako palikuwa na godoro la sponji, na kuta za hema zilikata upepo. Ardhi nayo, hata ikiwa baridi, haipulizi. Kwenye bembea umezungukwa na hewa pande zote, na hewa inayotembea huiba joto usiku kucha bila kupumzika.

Hata ile namba iliyoandikwa kwenye mfuko wako haikukusudiwa kutumika namna ulivyoitumia. Mifuko hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa, ISO 23537: mwanasesere mwenye vipasha joto na vipimo mwilini huvishwa nguo ndefu za ndani na soksi, akaingizwa ndani ya mfuko, akalazwa juu ya godoro. Ukiondoa godoro, namba ile haina maana tena. Tena soma vizuri ni namba ipi uliyoandikiwa. Kipimo hicho hutoa zaidi ya namba moja: ya kulala kwa raha, na ya mpaka, ambayo mtu aliyejikunyata anaweza kuimudu. Watengenezaji wengi huiweka mbele ile ya mpaka. Na kwa kuwa uko Marekani, angalia pia kama ni Farenhaiti: mfuko ulioandikwa 20 bila alama ya kutoa unaishia nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, siyo 20. Nimeona wageni wengi wa huku wakinaswa na hilo dukani.

Unachohitaji ni blanketi la chini. Ni blanketi nene la manyoya ya bata au la nyuzi za plastiki, lililoshonwa kwa umbo la bembea, ambalo huning'inizwa kwa kamba za mpira NJE ya bembea, chini ya mgongo wako. Kwa kuwa hulilalii, halikandamizwi. Linabaki limevimba na hewa yake yote ndani. Huku huuzwa kwa madaraja ya Farenhaiti, na daraja la sifuri, yaani nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, ndilo la majira ya baridi ya kawaida. Kwa safari mnayoipanga unahitaji la Farenhaiti 20 chini ya sifuri, ambayo ni Selsiasi 29 chini ya sifuri. Chukua la mwili mzima, kuanzia mabegani hadi nyayoni. Yale mafupi yanayoishia magotini ni mazuri wakati wa kiangazi. Februari yatakuachia miguu nje.

Bei yake najua itakuuma, hasa kwa mwanafunzi. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza chuoni. Vyuo vingi vya kaskazini vina kitengo kinachokodisha vifaa vya kambi kwa bei ndogo. Ukipata blanketi la nyuzi 18 peke yake, lichukue na uongeze mkeka wa sponji ngumu ndani ya bembea. Vitu viwili hivi vikishirikiana vitakufikisha mbali zaidi kuliko kimoja kimoja. Mikeka ya kulalia hupimwa kwa kiwango kinachoitwa R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisitoroke, na uzuri wake ni kwamba ukiweka mmoja juu ya mwingine, viwango vinajumlishwa. Mkeka wa sponji ngumu wa kawaida una R ya 2 hivi. Kwa kulala kwenye baridi kali tafuta jumla ya 5 au zaidi. Tatizo la mkeka kwenye bembea ni mabega: kitambaa kinakukumbatia kutoka pembeni, mkeka una upana wa nusu mita tu, na bega linalotoka nje ya mkeka linaganda. Kata kipande cha mkeka wa pili, ukilaze kwa kukingama sehemu ya mabega ili kipande kiwe na mbawa huku na huku. Bembea ya kitambaa cha tabaka mbili inasaidia sana hapa, maana mkeka unauingiza katikati ya tabaka na hautelezi usiku.

Sasa nisikilize kwa makini kwenye jambo la kulifunga hilo blanketi, kwa sababu watu wengi wananunua blanketi zuri kisha wanalala na baridi ileile. Blanketi la chini lazima liguse mgongo wa bembea bila kuisukuma. Likiwa limelegea, linaning'inia kama tumbo, na kati yake na wewe panabaki uwazi. Hewa ya uwazi ule inapoa na kubadilishana na ya nje kila unapojigeuza. Likiwa limekazwa mno, unalikandamiza kwa uzito wako na umerudi kulekule kwa mfuko. Njia ya kujua ni mkono. Jilaze kama utakavyolala, kisha mwambie mwenzako apitishe kiganja kati ya bembea na blanketi, aanzie mabegani, ashuke kiunoni hadi nyayoni. Kiganja kinatakiwa kipite kikiguswa juu na chini, bila kubanwa. Akikuta mfuko wa hewa chini ya kiuno, na mara nyingi ndipo ulipo, kamba za mpira zifupishwe kidogo, nusu kiganja kwa wakati mmoja, kisha ajaribu tena. Halafu malizeni na ncha mbili. Pale kichwani na miguuni kuna kamba ya kufumba. Ivute hadi ukingo wa blanketi ukumbatie kitambaa cha bembea. Upenyo wa vidole viwili tu pale unatosha kuingiza baridi itakayokuamsha saa tisa usiku. Kazi hii ifanyeni mchana, mikono ikiwa bado inasikia. Gizani, na glavu mkononi, haitafanyika sawasawa.

Bembea yenyewe uifunge kwa mikanda mipana, angalau sentimita 2 na nusu, ili isikate gome la mti, na mkanda ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ukiivuta ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kitambaa kinakubana mabega na blanketi la chini halitakaa. Ikiwa na tumbo la kutosha unaweza kulala mshazari, kichwa kidogo kushoto na miguu kulia, na hapo mgongo unanyooka. Urefu kutoka kwenye theluji usizidi ule wa kiti. Theluji ikanyageni kwanza chini ya bembea kwa viatu vya theluji, vile vipana vya kutembelea juu yake, muiache ikae kwa muda igande, ndipo mfunge. La sivyo mtapima urefu juu ya theluji laini ambayo usiku mtazama ndani yake kila mkishuka.

Na miti iwe hai, ya unene wa sentimita 15 kwenda juu. Misonobari myekundu ya kaskazini mwa Minnesota ni mizuri mno kwa kazi hii. Kabla ya kufunga chochote, inua kichwa utazame juu. Tawi kavu lililonasa, au mti uliokufa ulioegemea mwenzake, unatosha kukufanya uhame. Usiku wa baridi kali utasikia miti ikipasuka kama risasi. Ni utomvu na mbao vinavyosinyaa na kuganda, usishtuke.

Mahali mtakapochagua panaweza kuwapa au kuwanyima nyuzi kadhaa bure. Usiku usio na upepo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hushuka na kujikusanya mabondeni na kandokando ya maziwa yaliyoganda. Pandeni kidogo, mita chache tu juu ya bonde, mahali penye misonobari au misprusi iliyosongamana upande upepo unakotoka. Majani yake yanazuia upepo na pia yanakukinga na anga tupu, maana usiku wa nyota nyingi joto la kila kitu hupaa moja kwa moja juu. Turubai nalo hufanya kazi hiyohiyo. Lifunge chini, karibu na kingo za bembea, likiwa na milango ya kuziba ncha zote mbili, na ubavu wake uelekee upepo. Lakini usilizibe kabisa. Acha upenyo juu upande usio na upepo mvuke upate pa kutokea. Na theluji ikidondoka usiku, ligonge kwa ndani kila unapoamka.

Hayo yote ni ya usiku wa kwanza. Wewe umesema usiku miwili, na huo wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu adui wake ni mwingine: maji.

Hata usipotoka jasho, ngozi yako hutoa mvuke usiku kucha. Kwenye baridi ya kawaida mvuke huo unapenya manyoya na kutoka nje. Ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, unagonga baridi ukiwa bado katikati ya manyoya, unageuka jalidi hukohuko ndani na kubaki. Asubuhi blanketi linaonekana zima. Usiku unaofuata ni zito zaidi, jembamba zaidi na haliwashi joto kama jana. Mwaka 1911 watu watatu wa msafara wa mpelelezi Mwingereza Robert Scott huko Antaktika walitembea gizani majuma kadhaa kwenda Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini. Mifuko yao ya ngozi ya reindia ilinyonya mvuke wao wenyewe ukaganda, na waliporudi kwa jumla ilikuwa na uzito zaidi ya maradufu wa ule waliotoka nao. Walikuwa wakiingia ndani ya mfuko mgumu kama ubao na kuuyeyusha kwa miili yao kila usiku.

Nyinyi hamtafika huko kwa usiku miwili, lakini mambo matatu yafanyeni. La kwanza, usipumulie ndani ya mfuko. Najua utakavyotamani kuficha uso, pua ikianza kuuma. Vaa boshori, kisha tandaza kipande cha kitambaa cha flisi kuanzia puani kushuka kifuani, kipokee pumzi yako. Asubuhi utakikuta kimejaa jalidi jeupe, unakikung'uta tu. La pili, usiingie kulala na jasho. Ukifika kambini vua kila kilichogusa ngozi, hata kama unaona hakijalowa, uvae nguo kavu za sufu ulizozitenga kwa kulalia peke yake, soksi zikiwemo. Za pamba ziache nyumbani. Pamba ikilowa haipashi. Na soksi zisikubane. Watu huvaa jozi tatu ndani ya mfuko, damu ikashindwa kupita, vidole vikaganda kuliko angevaa moja. La tatu, mchana kukiwa na jua, anika blanketi na mfuko juu ya kamba hata kama ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Hewa ile ni kavu mno, na jalidi nyingi itakauka au itakung'utika.

Wanaolala nje majuma mazima hujivika tabaka lisilopitisha mvuke ndani ya mfuko, karibu na nguo za ndani, ili mvuke usiyafikie manyoya kabisa. Linafanya kazi kweli, ila unaamka na unyevunyevu mwilini na inahitaji mazoea. Kwa safari yako sikushauri.

Chakula ni kuni za mwili. Saa moja kabla ya kulala kula kitu chenye mafuta: karanga, siagi, jibini, mchuzi mzito. Usiguse pombe. Inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia moto huku joto la ndani linamwagika nje. Chemsha maji, jaza chupa ngumu ya plastiki ya mdomo mpana, kaza kifuniko, igeuze kichwa chini uitikise uone kama inavuja, ivishe soksi, kisha iweke katikati ya mapaja, juu karibu na kinena, ambako mishipa mikubwa ya damu inapita karibu na ngozi. Itakupasha hadi usiku wa manane, na asubuhi utakuwa na maji ya kunywa yasiyoganda. Ukishaingia ndani piga mazoezi kidogo ya tumbo, uache kabla hujatokwa na jasho. Ukiamka na mkojo, amka ukakojoe. Nusu saa ya kujishawishi kwamba utasubiri hadi alfajiri ni nusu saa ya kukosa usingizi, na mwishowe utatoka tu.

Kuhusu jiko: mitungi midogo ya gesi itawaaibisha. Butani haichemki kabisa chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri, na isobutani huishia kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Zaidi ya hapo gesi inabaki kimiminika ndani ya mtungi na moto unakufa. Bebeni jiko la mafuta ya kimiminika, lile la kupampu. Wala msilipike ndani ya turubai lililozibwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na haimwamshi mtu aliyelala.

Usijiamini kupita kiasi kwa sababu ya Kilimanjaro. Kule ukiugua, njia ni kushuka, na kila mita unayoshuka kunapata joto. Minnesota hakuna pa kushuka. Mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa hapo ulipo, ulipima nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, rekodi ya jimbo zima, na ni mwezi uleule mnaoupanga. Mwenzenu akianza kutetemeka bila kukoma, vidole vikashindwa kufunga zipu, maneno yakawa mazito kama ya mlevi, mwili wake unapoa na kazi ya usiku huo imebadilika: avuliwe vilivyolowa, aingizwe kwenye mfuko mkavu pamoja na chupa za moto, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na simu ya msaada ipigwe. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, msifurahi. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa.

Gari lisiwe tegemeo lenu la pekee. Ndani ya gari lililozimwa baridi ni karibu sawa na nje, betri ya nyuzi 30 chini ya sifuri inaweza kugoma kuwasha, na injini iliyoachwa ikiunguruma huku bomba la moshi limefunikwa na theluji inaua. Tegemeo lenu liwe chini: mkeka wa sponji wa ziada kwa kila mtu. Bembea ikikushinda, shuka, weka mikeka miwili juu ya theluji iliyokanyagwa, lala chini ya turubai hilohilo. Chini yako hapatapita upepo, na mfuko wako utafanya kazi iliyokusudiwa, ila si zaidi ya zile nyuzi 18 chini ya sifuri ulizopimiwa. Mkidhani itapita nyuzi 30 chini ya sifuri, mimi ningeanza chini moja kwa moja bila kuifungua bembea, tena kwa mfuko mzito kuliko huo wako.

Kabla ya hiyo Februari, chagua usiku mmoja wa Januari wa nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, ufunge bembea nyuma ya nyumba unapoishi, mlango ukiwa hatua chache, ulale na vifaa vyote kama vitakavyokuwa msituni. Kisha niandikie ni wapi hasa baridi ilikuingia. Ikiwa ni mabegani, mkeka haujatanuka vya kutosha; ikiwa ni kiunoni, blanketi la chini limelegea; ikiwa ni nyayoni tu, tutazungumza kuhusu soksi na ile kamba ya kufumba.